Kando ya Njia ya Baba Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Siku hiyo hapakuwa na ngoma wala wageni. Tulikuwa watu watatu tu katika njia ya matope, mmoja amebebwa na wawili wamebeba, na sisi wawili tuliobeba hatukuruhusiwa kutazamana wala kusemeshana.

Nitakueleza taratibu, maana ukisikia mwisho bila mwanzo utasema bibi anatunga. Mimi si msemaji, unanijua. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa najibu ndani ya kiganja, darasa zima linacheka. Jioni, wenzangu wakipiga soga, mimi naandika kwenye daftari yale niliyoshindwa kuyasema mchana. Basi nivumilie, na nikienda polepole usinisukume.

Nilizaliwa milima ya Iringa, kwa Wahehe, na miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa nimefika darasa la kumi. Msichana wa darasa la kumi wakati ule watu walimtazama kama gari jipya. Babu yako alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka milima ya Rungwe, amekuja Iringa kusomea ualimu. Tukafunga ndoa kanisani kwetu. Baada ya siku chache tukapanda basi, tukashuka tambarare ya Usangu, vumbi la Rujewa likatupaka wote rangi moja, tukapanda tena hadi njia panda ya Uyole, na pale tukakata kushoto kuelekea kwao. Mwanangu, nilikuwa sijaona mahali pa kijani namna ile. Migomba hadi mlangoni, ukungu hadi kitandani, na nyumba za mianzi zilizosukwa vizuri kama kikapu.

Babu yako akapewa kazi Mbeya mjini, na chumba alichopewa kilikuwa cha mwanamume mmoja. Ikaamuliwa nikae kwanza kwa mama yake mpaka apate nyumba. Ndivyo nilivyojikuta kwenye boma la wakwe, msichana wa miaka kumi na saba, sijui lugha yao, naongea Kiswahili cha kitabuni, na haya yangu yote nimekuja nayo.

Jioni ya kwanza mama mkwe alinishika mkono, akanizungusha boma zima kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba.

"Njia hii ni yako, inakwenda mtoni. Ile ya juu ni ya baba yako mkwe, inakwenda zizini. Huku mbele ya nyumba kubwa hupiti. Ukisikia kikohozi, kando."

"Kando wapi, Mama?"

"Kando tu. Popote ulipo pana kando yake."

Akanionyesha. Unatoka njiani, unageuza mgongo, unajifunika kichwa na nguo, unainama, unakaa hivyo mpaka nyayo zipotee. Humtazami baba mkwe, naye hakutazami. Huli mahali anapoweza kukuona. Jina lake hulitaji, ndiyo maana hata leo umesikia nikisema baba mkwe, baba mkwe, basi. Na sauti yako asiisikie.

Kwetu Iringa nako mkwe anaheshimiwa. Lakini kwetu unamsalimia kwa adabu, unapiga goti, unampa maji. Hapa salamu yenyewe ilikuwa ni kuondoka. Wanawake wa jirani walinitania sana kwa hilo.

"Wewe wa Iringa, eti kwenu mnampakulia baba mkwe mboga kwa mkono wako?"

"Muache, huyo amesoma. Labda walikula naye meza moja."

"Meza moja! Na akipaliwa je, unampiga mgongoni?"

Wanacheka mpaka wanashika magoti. Mimi naangalia chini, usiku naandika.

Neno lenyewe, kando, nilikuwa nalijua. Shuleni tulitungia sentensi: kando ya mto pana miti, kando ya barabara pana duka. Nililiona kama neno la mahali tu. Kwenye boma lile likawa neno la kila saa. Chakula cha baba mkwe kiliwekwa kando. Jambo zito halikusemwa mbele, lilisemewa kando, yaani unamwambia huyu ili asikie yule. Mtoto akikosea mbele ya wageni, mama anamwita kando. Hata kicheko kilikuwa na kando yake: ukitaka kumcheka mkubwa, geuka kwanza.

Nakiri mwanzoni neno hilo liliniuma. Nilisikia kama naambiwa toka, hufai. Nikawa najiuliza, nimesoma hadi darasa la kumi ili nije kusimama kwenye nyasi, nimeupa mgongo ulimwengu?

Aliyenifungua macho ni yeye mwenyewe baba mkwe, na hakujua. Au labda alijua. Ilikuwa mchana wa mvua, natoka kuni, mzigo kichwani, njia imekuwa utelezi mtupu. Nikasikia kikohozi mbele, pale njia inapopinda. Kikohozi chake nilikijua, alikohoa kabla ya kila kona, mzima wa afya kabisa, kwa ajili yangu tu. Nikaanza kutafuta pa kupandia kwenye ukingo na mzigo wangu. Mara nikasikia nyayo zinaacha njia. Kishindo kikaingia kwenye mikahawa, matawi yanakatika, maji yanamwagika. Mzee mwenye mvi alikuwa ameingia shambani, analowa hadi kifuani, ili mimi nibaki kwenye njia.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama mkwe. Alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua uso.

"Wewe ulifikiri kando ni yako peke yako?"

Nikatua kuni.

"Umekaa hapa mwezi mzima unanuna kila ukigeuka. Hujajiuliza yeye anageukia wapi? Ile njia ya juu hakuwa nayo. Aliifyeka wiki uliyokuja, ili ile fupi iwe yako. Huyo mzee anazunguka kilima kila siku, na kinena kinamuuma. Unajua kusoma, binti, lakini hilo hukulisoma."

Hakunikemea kwa ukali. Lakini nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kofia. Tangu siku hiyo nikisikia kikohozi nilijua tupo wawili tunaopishana, kila mtu anamwachia mwenzake nafasi.

Sasa ndiyo nakuja kwenye siku yenyewe.

Palikuwa na msiba ng'ambo ya mlima. Kule msiba hauachwi, boma kwa boma watu walikuwa wameondoka tangu alfajiri, wanaume, wanawake, hata watoto wa kuchunga. Baba mkwe alibaki kwa sababu ng'ombe wake mmoja alikuwa anakaribia kuzaa. Mama mkwe akabaki kumalizia kukata nyasi za kuezekea, akasema atafuata mchana na chakula cha wafiwa. Mimi nilikuwa natwanga.

Nikasikia yowe moja. Halafu kimya.

Nilimkuta amekaa kwenye nyasi alizozikata, ameshika mguu kwa mikono miwili. Juu ya kifundo palikuwa na alama mbili. Hatua chache kutoka hapo kifutu alikuwa anajivuta kwenda zake bila haraka, yule nyoka mnene asiyejisumbua kukimbia mtu.

"Chana kaniki yangu," akaniambia. "Funga hapa. Kaza. Kaza, mimi si yai."

Nafunga, mara nyuma ya migomba kikohozi. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Mwili ulikuwa umeshazoea. Mama mkwe akanidaka pindo la gauni.

"Unakwenda wapi?"

"Baba anakuja."

"Ukikimbia wewe, nani atanishika mguu? Geuka tu. Geuza uso, mikono iache hapa."

Nikageuza uso nikamwachia mikono. Baba mkwe alisimama nyuma ya migomba, hakutokeza. Alikuwa ameshaelewa.

"Mke wangu," akasema, "mwambie anayekushika kwamba watu wote wako msibani. Nikienda kuwaita na kurudi nao, jua litakuwa limeshuka."

"Amesikia. Ana masikio."

"Hospitali ya misheni ni mbali, lakini ni teremko. Mwambie mimi nina bega la mbele."

"Na la nyuma ni lake, nimeelewa. Nifungeni basi twende, mbona mnanihutubia na mguu wangu unavimba?"

Mwanangu, naomba uelewe nilivyokuwa. Kwa desturi ile, mkamwana akimtolea baba mkwe sauti au akamtazama, haikuwa jambo la kuomba radhi na kuendelea na kazi. Wazee wangekaa. Baba yangu angeitwa kutoka Iringa, ng'ombe angetakiwa wa kuniosha, na mimi ningerudishwa kwetu na jina la msichana aliyesoma akaota pembe. Wengine waliamini hata uzazi unaharibika. Tulikuwa Wakristo, mchungaji alishasema mambo hayo yaachwe, lakini hata kanisani mimi nilikuwa nakaa nyuma ya nguzo, na baba mkwe anaingilia mlango mwingine. Na upande wa pili wa mizani yupo mama huyu, sumu inapanda mguuni. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Basi tulifanya hivi. Alileta mwanzi mnene aliouandaa kwa zizi, akauweka chini, akarudi nyuma ya migomba. Mimi nikafunga blanketi kwenye mwanzi, ncha huku na ncha huku, nikampakia mama. Nikaondoka, nikageuka. Yeye akaja akakaza mafundo, akachuchumaa mbele, mgongo kwangu.

"Mke wangu," akasema, "jua hili litakuumiza. Sema wakutundikie shuka."

Hapakuwa na jua, mwanangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Nikavua shuka langu la begani, nikalitundika kwenye mwanzi katikati yake na yangu, likaning'inia kama pazia. Mama mkwe, pamoja na maumivu yake, akaguna.

"Jua kali kweli leo."

Tukainua, tukaanza kushuka.

Mimi nilitembea nimegeuza uso. Nilitazama ukingoni, mashambani, bondeni, popote isipokuwa mbele. Njia niliifuata kwa mvuto wa mwanzi begani. Na mazungumzo yetu yote yalipita kwa mgonjwa.

"Mke wangu, hapa kuna mzizi."

"Mkamwana, kuna mzizi, anasema."

Nikanong'ona, "Mama, nimeshaukwaa."

"Ameshaukwaa! Sema mapema, mzee, kabla mzizi haujasema wenyewe."

Tukienda kidogo, "Mke wangu, muulize kama bega linauma."

"Linauma?"

"Hapana, Mama."

"Anasema halimuumi, lakini anadanganya, nasikia anavyohema."

"Basi tupumzike."

Tukaegesha mwanzi kwenye panda za miti miwili kando ya njia. Yeye akakaa upande wake ametazama mlima, mimi upande wangu nimetazama bonde. Mama mkwe ananing'inia katikati.

"Nimezaa, nimezika, nimeona wazungu wakibebwa na watu wanne," akasema. "Lakini kubebwa na watu wawili wasiojuana, hii ni mpya. Mkinidondosha, kila mmoja atasema si mimi, ni yule nisiyemwona."

Nikasikia upande wa pili mtu anacheka. Alicheka kwa pua, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake, nami nikakiziba changu kwa mkono.

Baada ya pale njia ikawa kali. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na ngozi inang'aa. Maneno ya mama yakaanza kuchelewa. Anaambiwa kuna jiwe, anasema "jiwe" baada ya jiwe kupita. Halafu akawa anasema jina la mwanawe aliyefariki zamani. Halafu akanyamaza.

"Mke wangu, hapa ni utelezi."

Kimya.

"Mke wangu."

Kimya.

Mwanzi ukasimama. Sikumtazama, lakini niliuona mwanzi unatetemeka, na aliyekuwa anautetemesha hakuwa mimi.

"Mke wangu, upo?"

Hapo ndipo nilipouona uzito wa ile desturi kuliko wakati wowote. Mzee anamuuliza mkewe kama yu hai. Anayelijua jibu ni mimi peke yangu, nimeingiza mkono ndani ya blanketi, naisikia pumzi yake, moto, fupi, lakini ipo. Na mdomo wangu umefungwa. Akageuka angeniona. Hakugeuka. Hata wakati ule, hakugeuka.

Nikaugonga mwanzi kwa vidole. Nikaugonga tena, kwa nguvu, jinsi mtu anavyogonga mlango wa jirani anapoleta habari njema. Sikujua kama ataelewa.

"Ndaga," akasema taratibu. Ni neno lao la asante. Hakumtaja mtu. Tukaenda, sasa karibu mbio.

Mbele yetu palikuwa na kijito chenye daraja la magogo, limefunikwa udongo na nyasi, gari dogo lingeweza kupita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha milimani na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Njia pale inashuka kwa kuzunguka, ukiwa juu daraja unaliona kwa ubavu. Ukitazama mbele, kama alivyokuwa akitazama yeye, unaona udongo, nyasi, daraja zima. Lakini mimi tangu nyumbani nilikuwa sitazami mbele. Nilikuwa natazama kando. Nikaona chini ya daraja hapana kitu. Gogo la katikati lilikuwa limechukuliwa na maji, ukoko wa udongo tu umebaki hewani kama mkate uliochimbwa ndani.

Nikagonga mwanzi. Akafikiri namwambia mama yu hai. "Ndaga," akasema, akaongeza mwendo. Nikavuta mwanzi nyuma. Akadhani nimeteleza, akavuta mbele kunisaidia. Mguu wake ulikuwa umebakiza hatua chache.

"Baba, simama! Daraja limekatika chini!"

Sauti yangu ile, mwanangu, sijawahi kuitoa tena. Mimi niliyekuwa najibu ndani ya kiganja. Ilipiga ng'ambo ya kijito ikarudi, ikanitia aibu mara ya pili.

Akasimama. Mvumo wa maji tu ndio uliosikika. Nikawaza, basi, yamekwisha. Nimemwita, amenisikia. Machozi yakanitoka kabla sijajua nalia.

Halafu, bila kugeuza shingo, kwa sauti ile ile ya kuulizia mizizi na mawe, akasema:

"Nimekusikia, mke wangu."

Sikuelewa mara moja. Mama mkwe alikuwa amezimia, mdomo wazi, hajui kama yuko duniani.

"Tangu nikuoe," akaendelea, "macho yako yanaona mbali kuliko yangu. Haya, kama hapa hapapitiki, niambie tupite wapi."

Ndipo nikaelewa. Alikuwa amelitandaza shuka jingine katikati yetu, lisiloonekana. Nikajibu kwa sauti niliyokuwa nayo, ya msichana wa Iringa, isiyofanana hata kidogo na ya mama mkwe:

"Mume wangu..." Hapo aibu ikanikaba, nikaanza upya. "Juu kidogo, wanapofulia wanawake, pana mawe. Maji ni ya kiunoni."

"Vizuri, mke wangu. Tangulia kusema, nitafuata kukanyaga."

Basi nikasema. Kwa maisha yangu yote sikuwa nimesema maneno mengi hivyo mfululizo. Jiwe kulia, shimo kushoto, inua sasa, shusha. Tulimpandisha mama juu ya vichwa vyetu, maji yakatupiga mbavuni, shuka likalowa likaninata usoni, na tukavuka. Yeye kila mara anaitika, ndiyo mke wangu, nimeona mke wangu. Sikusikia ndani ya sauti yake mzaha wala hasira.

Hospitalini tulipokelewa na dresa mmoja mchangamfu, mtu wa maswali mengi. Baba mkwe aliweka mwanzi chini, akaenda kusimama ameutazama ukuta.

"Mzee, umekuja na nani?"

"Nimekuja na mke wangu."

"Huyo ni mgonjwa. Nauliza nyuma alibeba nani?"

"Njia nzima nilikuwa naongea na mke wangu."

"Na huyu binti mwenye matope hapa?"

"Binti gani?" baba mkwe akauliza ukuta. "Mimi sijaona binti."

Dresa akanitazama, akamtazama, akatikisa kichwa, akamkimbiza mgonjwa ndani. Alikuwa mtu wa kule kule, nadhani.

Mama mkwe alikaa siku nyingi kati ya kuwepo na kutokuwepo. Alipona. Vidole viwili vya mguu havikupona, akabaki anatembea kama mtu anayekwepa mwiba. Siku alipoanza kuongea vizuri nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia la wodi, na baba mkwe akaja kumwona. Alikohoa mlangoni, nikageuka ukutani.

"Uliniokoa kijitoni," nikamsikia akimwambia mkewe. "Uliniambia nisimame, daraja limekatika."

"Mimi?"

"Wewe. Ulipiga kelele. Nusura nianguke kwa mshtuko tu."

Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa pale kuja kumjulia hali, shangazi zake babu yako, na majirani wale wa kunitania meza moja, na maneno yalikuwa yameanza kuzunguka kwamba sauti ya msichana ilisikika bondeni. Neno moja la mama mkwe lilitosha kunirudisha Iringa.

"Ahaa," akasema. "Nimekumbuka. Ndiyo, nilipiga kelele. Nikakwambia daraja bovu."

"Wifi," shangazi mmoja akadakia, "lakini si tunasikia ulikuwa umezimia?"

"Nilizimia baada ya kupiga kelele. Wewe ungebebwa na huyu mzee anayekimbia na kinena chake, usingezimia?"

Wodi nzima ikacheka. Kikao hakikuitwa. Baba yangu hakutumiwa ujumbe wowote.

Nimeishi na wazee wale miaka mingi. Mpaka anafariki, baba mkwe hakuwahi kunitazama usoni, na mimi uso wake niliuona siku tuliyomzika tu, ulikuwa wa upole kuliko nilivyodhani. Hatukuwahi kuzungumza juu ya kijito. Lakini nikuambie ukweli ambao hata kwenye daftari sikuuandika, niliona haya: katika maisha yangu hakuna mtu aliyenijali kwa ukaribu kama yule mzee ambaye hatukukutana macho.

Sikuambii uirudishe desturi ile. Ilikuwa nzito, wapo wasichana iliowaumiza, na si kila baba mkwe alikuwa kama wangu. Hata siku ile, angekuwa mtu mwingine pale mbele, tungekufa watu watatu kwa ajili ya adabu. Heshima ikifika mahali inamzuia mtu kuokoa mtu, piga kelele, mwanangu. Piga kelele kama nilivyopiga.

Ninalokuambia ni hili. Neno kando watu wanalichanganya na mbali. Ukisema mtu yuko kando ya mto, miguu yake inakaribia maji. Huwezi kuwa kando ya kitu usichokuwa karibu nacho. Kwa hiyo ukimpisha mtu, mpishe hivyo, ubaki jirani, usimtupe. Umeolewa, au utaolewa, au utaoa, utaishi na watu. Usitake kumwona kila mtu hadi ndani. Ukijua aibu ya mtu, si lazima umwambie kwamba umeijua. Mtu akivunja mpaka kwa kukupenda, usisimame ukahesabu mpaka, mtafutie shuka umfunike, na maisha yaendelee. Na ukipishwa njiani, usifikiri njia ilikuwa yako. Tazama nani amelowa kwa ajili yako, ukimwona mshukuru, hata kama ni kwa kimya.

Na wewe mwenye haya kama mimi, unayefanana na bibi yako, usijilaumu. Mtu anayezoea kutazama pembeni huona mambo ambayo wa mbele hawayaoni. Ila siku ukiyaona, yaseme.

Sasa ninyi nyote mliokaa hapa, na wewe unayesoma peke yako, nawaombea. Mungu awape wakwe wenye utu, na awafanye ninyi wakwe wenye utu. Awape njia pana ya kupishana, daraja zima la kuvukia, na mtu wa kuwaitikia mnapopiga kelele. Mkae karibu na wenu wala msiwasonge. Mzae, mlee, mzeeke vizuri, na siku mkianguka, asikosekane wa kushika upande wa pili wa mwanzi. Amina.